Aliyelishwa Maneno

"Mwizi wa mbuzi haingii katika ukoo wangu," alisema Mzee Piusi, akasogeza kikombe chake cha chai pembeni kama hakimu aliyekwisha kusoma hukumu.

Marsela alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda khanga ya mama yake kwa sababu ya baridi. Nje ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mashamba ya ngano, na Mbulumbulu yote ilikuwa imetulia kwa utulivu wa Jumapili. Mgeni, Valeriani, alikuwa ameondoka nusu saa iliyopita. Alitoka kwao Daa alfajiri, akapata lori mpaka Karatu, akamalizia kwa miguu, viatu mkononi ili asivifikishe na tope. Alikuja kumposa Marsela, na aliondoka bila kumaliza sentensi hata moja.

"Baba, ile ni sinema."

"Najua ni sinema. Nimezeeka, sijapumbaa."

"Sasa?"

"Sasa filamu kumi na moja, Marsela! Amekuwa mlevi. Amekuwa mwizi wa ng'ombe. Amekuwa mganga tapeli, amekuwa mvivu aliyelala shambani mpaka nyani wakamaliza mahindi. Mkulima bora ni yule kijana wa Arusha mwenye meno. Kila mara ni yeye. Mbona huyu hawajamfanya mkulima bora hata siku moja? Wapiga picha wana macho. Walimwona alivyo."

Mama Antonia, mke wake, aliyekuwa akichambua maharage karibu na moto, alisema taratibu, "Baba Marsela, mtu hapimwi kwa kazi ya kutumwa."

"Hilo nalikubali," alisema Mzee Piusi. Alikuwa katekista kwa miaka ishirini, na sifa yake kubwa ilikuwa kwamba hakumwonea mtu kwa makusudi. Akashusha sauti, na sauti hiyo ya chini ndiyo Marsela aliyoiogopa. "Lakini la mbuzi sikuambiwa na mpiga picha. Niliambiwa na huyu binti yetu, akiisemea picha kwenye kipaza sauti. Kwa kinywa chake, kwa Kiiraqw, mbele ya watu wote wa hapa. 'Nimeiba mbuzi wa mama yangu mzazi, nikamuuza, nikanywa.' Nikasema moyoni, mwanangu anafanya kazi na watu hao, anawajua. Leo nimemuuliza mwenyewe: kijana, yule mbuzi ulimuuzia nani? Amejibu nini?"

Jibu walilisikia wote. Valeriani alifungua mdomo, shingo ikamkaza, macho yakamtoka, na neno la kwanza likamganda pale pale kwenye meno. Alijaribu mara tatu. Marsela akashindwa kuvumilia, akadakia, "Hakuna mbuzi, Baba," na baba yake akamwambia, "Sikukuuliza wewe." Baada ya hapo Valeriani aliinuka, akamshika Mzee Piusi mkono kwa mikono yake miwili, akaondoka.

Hapa inatubidi tumweleze Valeriani tangu mwanzo, la sivyo na sisi tutamwonea.

Alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema. Shuleni walimcheka, kanisani hakusoma somo, na alipofika miaka ishirini na mitano alikuwa amejizoesha kuishi kwa kutikisa kichwa. Ndipo mwaka sitini na nane watu wa gari la sinema wakafika Daa kupiga filamu ya mmomonyoko wa udongo. Walimwajiri awabebee masanduku. Akiwa amepinda mgongo chini ya sanduku, alipita mbele ya kamera bila kujua, na badala ya kugombezwa aliambiwa arudie. Akarudia. Wakamwambia sasa apite kama mtu mwenye deni, akapita. Apite kama mtu aliyefiwa, akapita, na mwanamke mmoja aliyekuwa akitazama akaanza kulia.

Filamu zile zilikuwa bubu. Zilipigwa bila sauti kwa makusudi, ili kila zinakokwenda mtangazaji azisemee kwa kipaza sauti kwa lugha ya watu wa hapo. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Valeriani alipata kazi isiyodai mdomo. Sura yake haikuwa ya kutundikwa ukutani: ndefu, nyusi nzito, mashavu yameingia ndani. Lakini ilikuwa sura inayogeuka. Wakimtaka kijana mjinga wanampata, wakimtaka kikongwe wanampata. Alikufa mara mbili, mara moja kwa kifua kikuu na mara moja kwa kuangukiwa na mti, na mara zote mbili kuna watu waliokwenda kumpa pole mama yake.

Aliyezisemea filamu hizo Karatu nzima, tangu mwaka sabini na nne, alikuwa Marsela. Alikuwa na kidato cha nne cha shule ya masista na ulimi usiochoka. Mwaka mzima alimsemea Valeriani kabla hajamwona ana kwa ana. Alikuwa anajua lini atapepesa macho na lini atashusha bega. Siku walipokutana mbele ya duka pale Karatu alimsalimia kama mtu wa nyumbani, na yeye akababaika mpaka akaangusha kibiriti alichokuwa amenunua. Mapenzi yao yalianzia hapo, na kwa miaka miwili mmoja alisema na mwingine alisikiliza, na hakuna kati yao aliyeona kasoro.

Na mbuzi? Kwenye filamu ya mlevi kuna mahali Valeriani anasimama nyuma ya nyumba yake, haingii. Anasimama tu, karibu dakika nzima. Karatasi ya maelezo aliyopewa Marsela haikuandikwa kitu kwa mahali hapo. Siku ya kwanza walipoionyesha Karatu watu walianza kukohoa na kupiga soga, na Marsela, ambaye kimya kilimwasha kama upupu, akawatupia mbuzi. Watu walicheka mpaka wakashikana. Kesho yake alimrudia mbuzi Mbulumbulu, na keshokutwa mahali pengine, na huko kote alimwongezea mbuzi chumvi. Hakufikiri hata mara moja kwamba chungu kilikuwa cha mtu mwingine.

*

Alhamisi, Marsela aliomba lifti kwa Matano. Huyu alikuwa mtu wa Tanga, dereva wa Land Rover ya sinema na mwendesha projekta, mwenye kulalamika baridi ya Karatu kila siku tangu alipofika. Alikuwa anapeleka mikanda mitupu juu kwenye ukingo wa Ngorongoro, ambako wapiga picha walikuwa wanatengeneza filamu ya kumi na mbili.

"Mwanangu Marsela, leo mbona huongei?" Matano alimuuliza njiani. "Unaumwa?"

"Ninafikiri."

"Basi unaumwa."

Alimkuta Valeriani amekaa juu ya jiwe peke yake, wenzake wakinywa chai upande wa pili wa gari. Chini yake kreta yote ilikuwa imejaa mawingu. Marsela alimpita kwanza bila kumtambua. Siku hiyo alikuwa babu wa miaka themanini anayekataa wajukuu wake wachanjwe: ndevu nyeupe za sufu ya kondoo zimegandishwa kidevuni, majivu kwenye nywele, mikunjo imechorwa mpaka shingoni.

"Shikamoo, Babu," alimtania.

Valeriani aliinua mkono uliotetemeka kama wa babu wa kweli, kisha akatabasamu, na tabasamu lilikuwa lake mwenyewe. Marsela akakaa karibu naye. Maneno ya Valeriani tunayaandika hapa yakiwa yamenyooka. Hayakutoka hivyo, lakini wakiwa wawili tu yalitoka, na Marsela alikuwa na subira nayo kuliko na kitu kingine chochote.

"Nimekuja kukuomba radhi," alisema.

"Ya nini?"

"Ya mbuzi."

Valeriani akacheka. "Kule Daa mama anaulizwa kila Jumapili kama mbuzi wake ameshapatikana."

"Maskini! Anawajibu nini?"

"Anawajibu bado. Anapenda kupewa pole."

Marsela alitaka kucheka akashindwa. "Miaka miwili, Valeriani. Mbona hukuniambia niache?"

"Siku ile ya kwanza pale Karatu nilikuwa nimesimama nyuma ya watu. Ulivyosema la mbuzi wote wakacheka, na wewe ukacheka kwenye kipaza sauti. Sijawahi kukusikia unacheka vile. Nikasema, kama mbuzi mmoja anamfurahisha hivi, basi na aibiwe."

Marsela aliangalia pembeni. Alijiona mdogo, akajiona anapendwa, na hakujua lipi kati ya hayo mawili lilimuuma zaidi.

"Pale nyuma ya nyumba," alisema baadaye, "ulikuwa unafanya nini hasa? Karatasi haisemi."

"Niliambiwa nisimame."

"Husimami bure wewe. Nakujua."

"Nilikuwa nawasikiliza watoto," alisema.

"Watoto gani?"

"Wa yule mlevi. Wako ndani, wanakula, wanacheka. Anajua akiingia tu watanyamaza. Kwa hiyo anasubiri wamalize kula kwanza." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Baba yangu alikuwa anasimama hivyo. Mimi nilikuwa ndani. Nilikuwa naiona miguu yake chini ya mlango."

Mara mia na zaidi Marsela alikuwa ameisemea picha ile, na mara mia alikuwa amemfunika mtu yule kwa kelele zake. Watu wa Mbulumbulu hawakupata hata nafasi ya kumtazama, maana walikuwa wanamtafuta mbuzi.

"Mwambie Mzee sina kinyongo," Valeriani alisema. "Sitarudi kumsumbua. Sitaki utoke kwenu kwa ugomvi."

"Yaani unaniacha?"

"Nakuacha kwa baba yako. Si barabarani."

"Nigeukie," alisema Marsela. Valeriani akageuka, na Marsela akamshika ndevu zake za kondoo, akamtazama vizuri, mkunjo mmoja mmoja. "Hivi ndivyo utakavyokuwa?"

"Wamesema miaka themanini."

"Basi nimeshakuona. Nimekuona ukiwa na miaka themanini, Valeriani, na bado nakutaka. Wasichana wengine huolewa wakibahatisha. Mimi nimekagua kwanza."

Machozi yalimtoka Valeriani yakapita katikati ya mikunjo ya kuchorwa, gundi ikaachia, na ndevu zikaning'inia upande mmoja. Mtu wa vipodozi alimwona kutoka kule kwenye chai akaanza kufoka kwamba sufu imebaki kidogo. Marsela akainuka, akajikung'uta sketi.

"Jumamosi tunaonyesha filamu ya mlevi Mbulumbulu, shuleni. Njoo."

"Nije kufanya nini?"

"Kusimama. Hiyo unaiweza."

*

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi, kwa hiyo waliziba madirisha ya darasa kwa mablanketi wakaonyesha mchana. Watu walijaa mpaka ukutani, makoti yakitoa mvuke. Mzee Piusi, mwenyekiti wa kamati ya shule, alikaa mbele kwenye kiti cha mwalimu, mikono amekunja, Mama Antonia kando yake. Valeriani hakuingia. Alijibanza nje chini ya paa karibu na Land Rover, kofia imemfika kwenye nyusi.

Matano aliwasha mashine. Picha ikaanza kutetemeka kwenye shuka jeupe, na Marsela, maikrofoni mkononi, akabonyeza kidude cha kuzima.

Watu walingoja. Baada ya muda mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Sauti!" Wengine wakaitikia.

"Imeharibika?" Matano alimnong'oneza.

"Haijaharibika. Leo sisemi."

"Utatufukuzisha kazi, mwanangu."

"Nitajibu mimi. Wewe zungusha tu."

Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Ulimi ulimcheza mdomoni kwa mazoea. Kila picha ilipobadilika sentensi yake ilikuja mbio mpaka kwenye midomo, akaimeza. Alikuwa anaogopa. Kama baba yake angetoka mle ndani na moyo ule ule alioingia nao, basi lilikuwa limekwisha, kwa sababu hakuwa na la pili la kujaribu, na Marsela alijua hataweza kumpenda mwingine ila kwa kujilazimisha.

Minong'ono ilidumu kidogo, ikapungua, ikaisha. Ikabaki mashine na mvua juu ya bati. Sasa, kwenye shuka, Valeriani alikuwa anatoka kilabuni, anapita shamba lake lililomezwa na magugu, anang'oa gugu moja, analiangalia, analitupa. Anafika nyuma ya nyumba. Anasimama.

Anainua mkono kugonga ukuta, anaurudisha. Anafunga vifungo vya koti, anavikosea, havirekebishi. Ananusa mkono wa koti lake mwenyewe, anageuza uso. Kisha anainamisha sikio kuelekea ndani, na taratibu sana sura yake inaanza kutabasamu, tabasamu la mtu anayesikia jambo zuri ambalo halimhusu.

"Anaona haya kuingia," Mama Antonia alisema, si kwa nguvu, lakini darasa zima lilimsikia. Mama mmoja akapenga kamasi kwenye khanga. Hakuna aliyecheka.

Mzee Piusi hakutikisika mpaka mkanda ukaisha na mablanketi yakashushwa. Mwanga ulipoingia alibaki akilikodolea shuka tupu. Kisha akamgeukia binti yake.

"Mbuzi yuko wapi?"

"Hayupo, Baba."

"Nimemtafuta mwanzo mpaka mwisho. Mmeukata mkanda?"

"Haujakatwa. Hakuwepo tangu siku ya kwanza." Marsela aliweka maikrofoni chini. "Yule mbuzi nilimwiba mimi, Baba. Nilitaka watu wacheke. Nikamtwika asiyeweza kujitetea."

Kundi zima lilikuwa limesimama kusikiliza. Hakuna aliyekumbuka kwamba mvua ilikuwa imepungua na kwamba angeweza kwenda kwake.

"Na mimi nikamwuliza alimuuzia nani," Mzee Piusi alisema.

"Ndiyo, Baba. Nimekosa."

"Umekosa sana." Alichukua kofia yake. "Yuko wapi?"

Alitoka nje, na watu wakampisha. Valeriani alipomwona anakuja alivua kofia, akasimama wima kama mtu anayengoja fimbo. Marsela na mama yake walifuata nyuma, Matano naye akachungulia mlangoni akijifanya anakunja waya.

"Kijana," alisema Mzee Piusi, "nilikuonea. Swali langu la Jumapili naliondoa, na nakuomba msamaha mbele ya mke wangu. Sasa nakuuliza lingine. Ulikuja nyumbani kwangu kutaka nini?"

Valeriani alifungua mdomo. Shingo ikakaza, macho yakatoka, na neno likakwama palepale lilipokwama Jumapili.

"Baba, anataka—"

"Nyamaza!" Mzee Piusi hakumgeukia hata kumtazama. "Umemsemea miaka mitatu, na umeona ulikomfikisha. Mwache. Mimi nina siku nzima. Mvua hii hakuna atakayekwenda kupalilia."

Akajiegemeza kwenye gari, akakunja mikono, akangoja. Hakumkazia macho, aliyaelekeza kwenye ngano, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kubadilisha nguo. Mama Antonia naye akaangalia ngano. Marsela aliuma pindo la khanga, akalia bila sauti, na kila silabi iliyoteseka kutoka alitamani kuibeba yeye, na hakuibeba.

Ilichukua muda mrefu. Alichosema Valeriani, mwisho wa yote, kilikuwa hiki:

"Mzee, nimefanywa mlevi, nimefanywa mwizi, nimefanywa mchawi. Nimekufa mara mbili. Mume mwema sijawahi kufanywa. Hakuna aliyewahi kunipa kazi hiyo. Ndiyo niliyokuja kuiomba kwako."

Mzee Piusi aliendelea kuitazama ngano. Alijikohoza, akavaa kofia, akaivua tena.

"Hiyo kazi ni ngumu," alisema. "Ukikosea hakuna wa kukwambia rudia."

"Na-najua, Baba."

Neno hilo la mwisho lilitoka lenyewe. Mzee Piusi alilisikia, na ilionekana wazi kwamba alilisikia, kwa maana alinyoosha mkono akamrekebishia Valeriani ukosi wa koti uliokuwa umejikunja kwa ndani.

"Basi wiki ijayo lete wazee wako. Tutakaa na tutazungumza." Akageuka kumwangalia binti yake, macho yake yamelowa na hayakuwa yamepigwa na mvua. "Na wewe, siku hiyo utakaa jikoni na mama yako. Sitaki kusikia umemsaidia mtu neno."

Marsela alikubali kwa kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe hakuongeza kitu.